Papa wa Nyuma

Kwa miaka mingi niliijua sauti yake kuliko uso wake. Inachekesha kusema hivyo juu ya mtu niliyekuwa naye karibu kila Jumamosi, lakini ndivyo ilivyo ukiendesha baiskeli mbele ya mtu: yeye anauona mgongo wako, wewe unamsikia tu. Alikuwa wa mwisho katika mstari, mimi wa pili kutoka mwisho, na mbele yetu wenzetu kumi au kumi na wawili wa klabu yetu ya Likasi. Tulimwita Papa wa Nyuma, yaani baba wa nyuma. Jina lake la ubatizo liko katika daftari la klabu, lakini ilifika wakati hata mkewe, tukimrudisha mumewe nyumbani, mtaa wa Panda, alitupokea getini na swali moja: "Papa wa Nyuma alikula kule?"

Naandika habari zake kwa sababu nazikosa Jumamosi zile hadi moyo unaniuma, na kwa sababu nilimkosea. Kulikuwa na neno moja fupi lililopaswa kutoka kinywani mwangu lifike masikioni mwake, nami nikalimeza. Kwa ajili ya neno hilo aliacha baiskeli, na kwa miaka minne aliamini kosa lilikuwa lake. Nitafika hapo, sitakwepa. Ila nataka kwanza aonekane jinsi alivyokuwa, maana mtu akishakaa miaka minne kwenye kiti, watu wanaanza kudhani alizaliwa amekaa.

Asiyewahi kwenda na kundi la baiskeli nimweleze jambo moja, mengine yote yatafuata. Mstari wa baiskeli una macho mbele tu. Wa kwanza anaona shimo. Wa tano haoni kitu ila mgongo wa wa nne. Basi wa kwanza anasema "shimo", anaonyesha kwa kidole upande lilipo, wa pili anarudia, wa tatu anarudia, hadi neno lifike mkiani. Na nyuma kuna masikio: wa mwisho ndiye anayesikia lori kabla ya wengine, anasema "kamio", na neno hilo linapanda mstari hadi kwa wa kwanza, sote tunasogea ukingoni. Barabara yetu ya kwenda Kapolowe ina malori ya madini yasiyomngoja mtu. Kwa hiyo neno kwetu halikuwa adabu tu. Neno lilikuwa breki.

"Neno haina ya kwako," alikuwa akituambia kila mara kabla ya kuondoka. "Umeipokea, pitisha." Mgeni akija katika klabu alifundishwa hilo kabla hajaulizwa anakaa mtaa gani.

Funzo hilo alilitoa kazini. Maisha yake yote aliyafanya kiwandani kule Panda, chini ya mashine ya kunyanyulia mizigo. Mwendeshaji alikaa juu asione chini, na kelele zilikuwa nyingi mno kwa mtu kupaza sauti, hivyo yeye alisimama chini akamwonyesha kwa mikono: shusha, simama, peleka kushoto. Mkono ukiinuka bila sababu, tani kadhaa za chuma zinasogea. Alisema aliwahi kumwona mwenzake akiinua mkono kujikuna sikio, na mzigo ukashuka pale pasipotakiwa. Hakuna aliyeumia siku hiyo, lakini yeye tangu hapo alizoea kuongea mikono ikiwa mifukoni. Kwenye harusi za jamaa zetu, watu wakicheza mikono juu, yeye alicheza mikono imelala ubavuni, mabega tu yakifanya kazi. Tulimcheka sana. Alituacha tucheke.

Kabla ya kuondoka alipita mstari mzima akibonyeza kila tairi kwa kidole gumba, akivuta kila breki, akitazama kamba za viatu. Hapo tulikuwa na tatizo letu la Kilikasi. Nusu ya klabu ni Wakatoliki, ishara ya msalaba inawatosha. Nusu nyingine wanasali katika makanisa ya uamsho, na sala ya safari kwao ni safari yenyewe. Prezida wetu, yaani mwenyekiti wa klabu, mfanyabiashara wa vipuri, mtu mwema mwenye haraka, akiombea safari alianzia uumbaji. Papa wa Nyuma hakubishana na mtu. Alitangaza kwamba sala itachukua muda ule ule wa kubonyeza matairi, wala si zaidi, na akifika tairi la mwisho atasema Amina kwa sauti. Miezi miwili baadaye prezida alikuwa anafika kwenye "katika jina la Yesu" sawasawa na tairi la mwisho. Ila nilimwona Papa wa Nyuma siku moja akibonyeza tairi moja mara tatu, kwa sababu prezida alikuwa anamwombea mtoto wake mgonjwa.

Hakuwa mtu wa kuchelewa kwa kumngoja mtu, na hakuwa mtu wa kumwacha mtu. Najua hayo mawili hayakai pamoja vizuri. Saa kumi na mbili kamili tulikuwa tunaondoka, hata kama fulani anaonekana pale kwenye kona anakuja mbio. Tulimwacha prezida mwenyewe mara moja mbele ya geti lake, kikombe cha chai mkononi. Lakini mkishaondoka, mtu wa mwisho alikuwa mali yake. Ningeweza kutoboa tairi mara nne, angesimama na mimi mara nne. Hakusaidia kuziba, hilo nalo niliseme. Alisimama tu ameelekea barabara akitazama magari, na mimi mikono imejaa grisi namlaani kimoyomoyo. Nilikuja kuelewa kwamba wakati huo alikuwa anafanya kazi yangu ya kuogopa ili mimi nishughulike na tairi.

Mimi ni mama mshonaji. Wiki nzima nakaa mbele ya cherehani, mgongo unajikunja, na nilijiunga na klabu kwa sababu daktari alinitisha. Jumamosi ya kwanza nilikuwa wa mwisho kwa mbali. Kwenye mlima wa kutoka mjini nilishuka, nikaanza kusukuma, nikaona aibu, nikamwambia yule mzee aliyekuwa anatembea kando yangu aende zake.

"Wende, Papa. Mi nitafika."

"Minye njo wa nyuma," akasema, yaani yeye ndiye wa nyuma. "Nikikupita, wa nyuma itakuwa weye. Na ile kazi haujaijua."

Alisema kama mtu anayekataa kukopesha chombo chake cha kazi. Tulisukuma baiskeli hadi juu bila neno lingine. Kule juu alitoa pipi mfukoni, akaila mwenyewe.

Pipi hizo zilikuwa siri yake ya hadharani. Alitukataza sukari njiani, alitukataza bia kabisa, na munkoyo wa baridi, kinywaji chetu cha mahindi, unaouzwa Kapolowe aliruhusu kikombe kimoja, tena ukiwa umekaa. Yeye mwenyewe mfuko wake ulijaa pipi za mnanaa. Nilijifunza kutofautisha "kamio" ya kawaida na "kamio" iliyopita pembeni ya pipi, na ile ya pipi ilimaanisha lori bado liko mbali, hana wasiwasi. Akiitema kwanza, nilisogea ukingoni kabla hajasema.

Juu ya heshima za barabarani alikuwa mkali kuliko padri. Tukisimama, tunatoka kabisa kwenye lami, magurudumu yote, hata kama ni kufunga kamba ya kiatu. Hakuna kufunga breki ghafla bila kusema. Hakuna kuweka gurudumu lako la mbele kando ya gurudumu la nyuma la mwenzako, kwa sababu akiyumba kidogo wewe ndiye unaanguka, na anayekufuata anakuangukia. Hakuna simu. Prezida alijaribu kujipiga picha tukiwa tunashuka. Papa wa Nyuma alisubiri tuliposimama, akanyoosha mkono, akaitia simu ile mfukoni mwake hadi mwisho wa safari. Ikilia, aliipokea mwenyewe tulipokuwa tumesimama. Mke wa prezida alipopiga aliambiwa: "Bwana yako iko mu njia. Atafika muzima. Simu yake iko mu kifungo." Hadi leo mama yule akimpigia mumewe anauliza kwanza kama amefunguliwa.

Kitu alichonifundisha ambacho sikukijua ingawa nilizaliwa hapa hapa ni wanaume wa makala, yaani mkaa. Sote tumewaona. Wanatoka porini wakisukuma baiskeli zilizofungwa magunia ya makala hadi huioni baiskeli, wamejiinamia, jasho na vumbi jeusi. Sisi tulikuwa tunawapita kwa kengele, tii tii, na vizibao vyetu vya rangi ya machungwa nilivyovishona mimi mwenyewe. Siku moja alisema "chini" kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, na mstari mzima ukashuka kwenye vumbi, tukampisha mtu mmoja na magunia yake. Prezida alinung'unika kwamba njia ni ya wote.

"Ule baba iko na magunia tano na pumuzi moja," akamjibu. "Weye iko na kofia."

Tangu hapo tuliwapisha, na tuliwasalimia. Wengi hawakujibu kwa sababu hawakuwa na pumzi ya kujibia. Ikipita gari la msiba, tulishuka, tukavua kofia, tukangoja hadi vumbi litulie. Mwanzoni niliona tunachelewa bure. Siku tulipomzika mama yangu, gari letu lilipita mbele ya watu watatu waliosimama na baiskeli zao kando ya barabara, kofia mkononi. Hawakuwa wa klabu. Sijui walijifunzia wapi, lakini nililia kwa ajili yao kuliko nilivyolia kanisani.

Alikuwa hapendi mashindano. Alisema mwenye haraka anunue pikipiki. Basi nitaje nilichokiona, maana ni mimi peke yangu niliyekiona. Siku tulizogeuza mapema, jua la asubuhi lilikuwa mgongoni kwetu tukirudi Likasi, na kivuli chake kilipita pembeni yangu hadi mbele. Kwenye mteremko mmoja mrefu, akiwa na hakika hakuna anayemtazama, kivuli kile kilitoa miguu yote miwili nje ya pedali, kikaipanua pembeni, kikashuka hivyo hivyo hadi chini. Sikugeuka hata mara moja. Nilijua nikigeuka hatafanya hivyo tena.

Sasa nifike pale.

Ilikuwa kiangazi, ambacho kwetu asubuhi zake ni za baridi, tumekwisha pita njia panda ya kwenda Tshangalele. Nilikuwa nawaza kazi za watu, mawazo yamenichukua, nikaacha gurudumu langu la mbele liingie kando ya gurudumu la mtu wa mbele yangu. Yaligusana. Niliyumba, nikajishika, hakuna aliyeanguka. Lakini yeye aliona, na tuliposimama kunywa maji alinikemea mbele ya wote, polepole, mikono mifukoni.

"Mushonaji muzima kama weye," akasema, "haujue kupima?"

Walicheka. Prezida alicheka kuliko wote. Nilikuwa mtu mzima mwenye wasichana watatu wanaojifunza kushona chini yangu, na nilikuwa nimekosa kweli, na hilo ndilo linaloongeza hasira. Nilipanda baiskeli nikanuna. Mimi nikinuna nafunga mdomo, mama yangu alikuwa akinisema tangu mdogo. Nilikaa mahali pangu mbele yake nikaapa sitamsemesha hadi Likasi.

Kama dakika kumi baadaye neno lilikuja. Nililisikia likitoka mbele, mtu kwa mtu, "shimo, droite", yaani kulia, "shimo, droite", hadi kwa kijana wa mbele yangu. Alilipitisha kwangu, na kidole akaonyesha. Nikasogea kushoto. Shimo nililiona likipita, limekatika vizuri kama lililochimbwa kwa makusudi. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Sikutaka aanguke, Mungu ananijua. Nilitaka tu aikose sauti yangu kidogo. Nilisahau kwamba neno lile halikuwa langu la kumnyima.

Nilisikia chuma, halafu sikusikia kitu. Alivunjika mfupa wa bega. Tulisimamisha gari la samaki, tukamweka juu ya magunia, akarudi mjini amekunja uso bila kulalamika. Njia nzima nilikuwa nimeshika kofia yake na maneno yangu yamekaa tayari mdomoni. Hospitalini, bega lilipokwisha fungwa, prezida alianza kuuliza kwa hasira nani hakupitisha neno. Nikafungua kinywa. Papa wa Nyuma akanitangulia.

"Musiulize muntu," akasema. "Neno ilipita. Ni masikio yangu njo ilikufa." Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Mbele yangu alikuwa huyu mushonaji. Huyu haangushake neno."

Angenitukana ningesema. Alinisifu, na sifa ile ilinifunga. Nilijiambia nitamweleza kesho, atakapokuwa amepumzika. Kesho yake alikuwa na homa. Wiki iliyofuata alikuwa na wageni. Baada ya mwezi nilianza kujiuliza itasaidia nini, na mtu akishaanza kujiuliza hivyo amekwisha potea.

Bega lilipona. Yeye hakurudi. Alisema wa nyuma asiyesikia ni hatari kwa kumi na wawili, akaitundika baiskeli ukutani. Na mambo mengine yakafuata moja moja. Aliacha kuvuka barabara kubwa peke yake. Aliacha kupokea simu. Kanisani alihamia benchi la mbele. Mkewe alianza kumpazia sauti, kisha watoto, kisha majirani, na yeye aliitikia kwa upole kila aliyempigia kelele. Nilimtembelea kila mwaka mpya na samaki. Naona haya kuliandika hili: hata mimi, niliyejua, nilimpazia sauti.

Klabu ipo. Jumamosi bado tunakwenda. Nyuma anakaa yeyote aliyechoka, na maneno yanaishia katikati ya mstari, maana hakuna anayeyangoja mwisho. Prezida alijaribu kuninunulia filimbi nikae nyuma mimi. Nilikataa, nikasema mgongo unauma. Nilichokuwa sikiwezi ni kuwa na barabara tupu nyuma yangu. Lori likinguruma mbali, shingo yangu inasubiri "kamio" na harufu ya mnanaa, na haviji, na kila mara nashtuka upya kama vile ni wiki ya kwanza.

Alhamisi hii mkewe alikuja kwangu na kitambaa, anataka gauni la safari. Nikauliza safari gani.

"Kolwezi, kwa binti yetu," akasema. "Mwisho ya mwezi tunahama. Papa anaogopa hapa. Anasema motokari ni mingi na yeye hasikie. Miaka makumi ine mu Panda, mama, na anataka kutoka juu ya masikio."

Nilimpima mabega, nikampima kiuno, vipimo vyote nikaviandika vibaya. Alipoondoka niliwaachia wasichana duka nikapanda baiskeli hadi Panda.

Alikuwa ameketi uani anamenya karanga ndani ya beseni. Mkewe alikuwa ametangulia kufika, yuko jikoni. Nilivuta kigoda. Nilikuwa nimeshajaza kifua ili nipaze sauti kama wote, kisha nikaiachia ile pumzi. Nilisema kwa sauti ya kawaida, labda chini ya kawaida.

"Papa, niko na neno."

"Sema," akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye karanga.

"Ile siku ya shimo. Neno haikupita."

"Ilipita. Ni minye sikusikia."

"Haikupita, Papa. Ilifika kwangu. Niliimeza."

Aliweka karanga chini. "Uliisikia?"

"Niliisikia muzuri."

"Na shimo, uliiona?"

"Niliiona. Nilipita pembeni yake."

"Na haukusema."

"Sikusema. Nilikuwa nimenuna, juu ulinikemea mbele ya bantu wakacheka."

Niliteremka kwenye kigoda nikapiga magoti kwenye vumbi, siyo kwa kupanga, miguu yenyewe ilifanya hivyo. Yeye alikuwa anatazama geti. Halafu akaita, wala si kwa nguvu.

"Mama."

"NINI?" mkewe akapiga kelele kutoka jikoni.

"Usipige kelele. Kuya hapa. Masikio yangu haikukufa."

Mama yule alitoka na mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi. Akanitazama nilivyopiga magoti, akamtazama mumewe. Ilinibidi niseme yote tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Alikaa chini pole pole kwenye ngazi ya jikoni.

"Miaka ine," akasema. "Miaka ine nalala koo inaniuma." Kisha akamgeukia. "Sasa ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia. Hata bantu ya kule njiani walikuwa banakusikia."

"Na juu ya nini haukusema?"

Alifikiri. "Kile nasikia, najua," akasema. "Kile sisikie, nitakijua namna gani? Nilisema, kama shimo ilinipita, ni bintu ngapi zingine zinanipita kila siku na sijue?"

Hapo ndipo nilipolia. Nilikuwa nimedhani nilimnyima baiskeli tu. Nilimnyima imani ya kila alichokisikia, kila siku, na nilikuwa nampelekea samaki.

Nikamwomba anisamehe. Nikasema kwa haraka, kama mchuuzi, kwamba arudi, tutakwenda polepole, tutaishia hapa karibu tu, nitamletea baiskeli fundi aitazame.

"Magoti yangu imekauka," akasema. "Nyamaza kwanza, mutoto yangu."

Nikatazama beseni la karanga.

"Ile ya shimo, ilikuwa ya dakika moja," akasema. "Muntu ananuna. Hata minye ninanunaka. Ungesema ku hopitali, ningekukemea, mufupa ingepona, tungerudi ku kinga." Hilo ndilo jina letu la baiskeli, kinga. "Lakini hii ingine ni ya miaka ine. Ile sijue niiweke wapi."

"Ni kweli, Papa."

"Sasa wende. Niko nataka kukasirika, na sitaki unitazame nikikasirika."

"Mpaka lini?"

Akachukua karanga moja, akaivunja, haikuwa na kitu ndani, akaitupa. "Utakuya samedi saa kumi na mbili. Nitakuambia kama imeisha."

Naandika haya Ijumaa, na samedi yake, Jumamosi, ni kesho, kwa hiyo sijui ataniambia nini. Niliinuka, nikapangusa magoti, nikamuaga mkewe ambaye hakunijibu, na haki alikuwa nayo. Nilikuwa nimeshafika getini nasukuma baiskeli, mgongo wangu kwao, nilipomsikia Papa akisema wapigie simu Kolwezi, uwaambie haiko tena safari. Mkewe akamjibu jambo kwa sauti ya chini sana, na mimi pale getini sikuambulia hata neno moja. Yeye alimsikia, akamjibu, na wakaendelea kuongea hivyo hivyo wakati mimi nafunga geti.